Kalamu Mezani, Chembe Isiyoonekana: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi watafiti wanavyosukuma chembe zenye ukubwa wa makumi ya nanomita kwa kushika kalamu ya roboti, ambayo huurudishia mkono kani inayopimwa chini ya hadubini. Barua zilizoletwa ni nyingi, na baadhi zimekuja na mahesabu kabisa. Tumechagua saba. Humu ndani "kani" ni ile ya fizikia, inayopimwa kwa nyutoni. Mikro- ni sehemu moja ya milioni, nano- ni sehemu moja ya bilioni, na piko- ni sehemu moja ya trilioni. "Ulimi" ni kile kipande chembamba cha silikoni kinachobeba ncha ya hadubini, na "ukakamavu" ni kiasi cha kani kinachohitajika ili springi au ulimi upinde kwa umbali fulani.

SWALI: Ndugu mhariri, je, ni kweli mtu anaweza kuketi mezani na kuzigusa atomu, au ni mchezo wa kompyuta uliopambwa? — Msomaji, Tabora

JIBU: Mchezo wa kompyuta sio, ila pia mkono haugusi chochote huko chini. Kinachokufikia ni namba iliyopimwa, ikazidishwa, kisha ikageuzwa kuwa msukumo wa mota. Hadubini ya kani za atomu, iliyotangazwa mwaka 1986 na Binnig, Quate na Gerber, ina ulimi wenye urefu wa mikromita 100 hadi 450, na mwishoni mwake ncha yenye nusukipenyo cha nanomita 10 hivi. Ncha ikisukumwa, ulimi unapinda. Mwale wa leza unaopiga mgongoni mwa ulimi unahama juu ya fotodayodi (kihisi cha mwanga) yenye vyumba vinne, na volti inayotoka hapo ndiyo inayotafsiriwa kuwa kani. Ukisogeza kalamu, piezo (vipande vinavyorefuka na kufupika kwa umeme) zinasogeza ncha. Ulimi ukipinda, mota za kalamu zinakusukuma.

Kazi hii ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kwa kushirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA). Mfumo wao waliuita nanoManipulator. Mkono wa kwanza waliotumia ulikuwa mtambo mzito uliobuniwa kwa ajili ya kushika vitu vyenye mnururisho kwa mbali. Kalamu ndogo za mezani zilikuja baadaye. Kwa mfumo huo walipinda mirija ya nano ya kaboni mara kwa mara, kwa pembe kali, wakaona inarudi bila kukatika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Walisukuma pia virusi vya batobato la tumbaku.

Atomu mojamoja ni habari nyingine. Zile atomu 35 za xenoni zilizopangwa na watafiti wa IBM zikaandika jina la kampuni yao zilisogezwa juu ya nikeli iliyopozwa hadi kelvini 4 hivi, kwa hadubini ya aina nyingine, bila kalamu ya mguso. Mezani, kwenye hewa ya kawaida, utakachohisi ni chembe, mirija, nyuzi na virusi.

SWALI: Maabara yetu ina hadubini, na kalamu ya mguso imeshaagizwa. Tuandae nini kwanza, na ugezi (kurekebisha vipimo vya kifaa ili visome sawasawa) ufanywe kwa mpangilio gani? — Fundi wa maabara, Nairobi

JIBU: Washeni hadubini na leza saa 1 hadi 2 kabla ya kazi. Chuma na piezo vikiwa bado vinapata joto, sampuli inaserereka chini ya ncha kwa nanomita kadhaa kila dakika, na chembe ya nanomita 30 uliyoiona kwenye picha haitakuwa pale utakapoifuata.

Wakati mashine inatulia, andaeni sampuli. Bandueni tabaka la maika, madini yenye matabaka membamba, kwa utepe wa gundi ili kupata uso mpya. Dondosheeni poli-L-lisini ya asilimia 0.01, subirini dakika 5, suuzeni kwa maji safi ya maabara. Kisha tone la dhahabu ya koloidi (chembe za dhahabu zinazoelea kwenye maji) ya nanomita 30 hadi 50 kwa dakika 10, suuzeni tena, kausheni kwa naitrojeni. Poli-L-lisini ndiyo inayoishika dhahabu, kwa kuwa maika na dhahabu ya koloidi zote zina chaji hasi. Ikizidi, chembe haitasukumika mpaka ncha iharibike. Ikipungua, chembe zitazolewa na ncha wakati wa kupiga picha tu.

Sasa ugezi. Kwanza tafuteni volti moja ni sawa na nanomita ngapi za kupinda: shusheni ncha juu ya kitu kigumu na kisafi, kama kipande cha silikoni au safaya, na mchukue mteremko wa mstari wakati ncha imegusa. Gusa kidogo tu, mara tatu au nne. Kila mguso mgumu unaibutua ncha. Pili, ukakamavu wa ulimi. Njia ya mtetemo wa joto inatosha: inua ncha mbali na uso, pima jinsi ulimi unavyotikisika wenyewe, kisha gawanya nishati ya joto kwa wastani wa mraba wa mtikisiko huo. Kwa nyuzijoto 25 nishati hiyo ni joule 4.1 × 10⁻²¹, hivyo ulimi wa nyutoni 0.1 kwa mita utatikisika kwa nanomita 0.2. Mkipata nanomita 2, msitafute sababu ndani ya fizikia. Tafuteni feni au kiyoyozi kilicho karibu na meza.

Kosa linalofanyika sana ni kupima ile volti-kwa-nanomita juu ya uso laini. Hapo nanomita kwa volti zinaonekana nyingi kuliko zilivyo, tuseme kwa asilimia 20. Wengi hudhani kani nayo itaonekana kubwa kwa asilimia 20. Sivyo: ukakamavu uliopatikana kwa mtetemo wa joto unagawanywa kwa mraba wa kosa hilohilo, kwa hiyo unashuka hadi asilimia 69 ya thamani yake, na kani ya mwisho inasomeka asilimia 83. Mkono utahisi chembe laini kuliko ilivyo, na hakuna kitakachowaonya.

Jambo la mwisho kabla ya kuunganisha kalamu: ncha ni jicho na ni kidole kwa wakati mmoja. Inapopiga picha haisukumi, na inaposukuma haioni. Picha ya mistari 256 kwa kasi ya mstari mmoja kwa sekunde inachukua dakika 4 na sekunde 16. Hivyo mzunguko wa kazi ni huu: piga picha pana ya mikromita 5 kwa 5 kwa kugongagonga (ncha ikigusa uso kwa midundo myepesi), kaza hadi mikromita 1 kwa 1 kuzunguka chembe moja, zima mrejesho wa kimo (mfumo unaoinua na kushusha ncha kufuata uso), shusha ncha hadi nanomita chache juu ya uso, sukuma kwa kasi ya mikromita 0.1 hadi 1 kwa sekunde, inua, piga picha tena. Kalamu inatoa mguso ndani ya zile sekunde chache za kusukuma, ambapo macho hayana kitu.

SWALI: Kalamu yangu inanguruma na kutetemeka kila ncha inapogusa uso. Nikipunguza kizidishio, mngurumo unaisha lakini sihisi tena kitu. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam

JIBU: Pengine hujakosea mahali, umechagua ulimi mgumu mno. Fuata hesabu.

Kuna vizidishio viwili. Cha kwanza ni cha umbali: ukitaka sentimita 10 za mkono ziwe mikromita 1 ya ncha, umegawanya kwa 100,000. Cha pili ni cha kani: kama unatarajia nanonyutoni 50 na unataka mkono upate nyutoni 0.5, umezidisha kwa 10,000,000. Ukakamavu atakaouhisi mkono ni ukakamavu wa ulimi, mara kizidishio cha kani, gawanya kwa kizidishio cha umbali. Ulimi wa nyutoni 1 kwa mita unakuwa nyutoni 100 kwa mita mkononi. Ni sawa na springi laini, na kalamu yoyote ya mezani inaimudu.

Sasa weka ulimi wa nyutoni 40 kwa mita, ule wa kupigia picha kwa kugongagonga, bila kugusa vizidishio: umefika nyutoni 4,000 kwa mita. Kalamu ndogo ya mezani ya aina ya Touch, ya kampuni ya 3D Systems, haiwezi kuigiza ukuta mgumu kiasi hicho. Inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena, na huo ndio mngurumo. Ukishusha kizidishio cha kani mara kumi unapata nyutoni 400 kwa mita na utulivu, lakini nanonyutoni 50 sasa ni nyutoni 0.05. Msuguano wa viungo vya kalamu yenyewe unaweza kufikia nyutoni 0.26. Ishara yako imemezwa na kifaa. Badili ulimi, tumia wa nyutoni 0.5 hadi 3 kwa mita, na ukubali kwamba picha za kugongagonga zitakuwa duni kidogo. Na usipange kani ya kawaida ipite nyutoni 0.8, kwani kalamu hiyo hutoa nyutoni 3.3 kwa muda mfupi tu. Ya kudumu ni 0.88.

Kuna chanzo cha pili cha mngurumo, nacho ni muda. Uthabiti unataka ukakamavu unaohisiwa uwe chini ya mara mbili ya ufifishaji (uwezo wa kuzima mtetemo) wa kifaa pamoja na mkono, gawanya kwa muda wa mzunguko mmoja wa programu. Kwa ufifishaji wa nyutoni-sekunde 0.5 kwa mita na mizunguko 1,000 kwa sekunde, kikomo ni nyutoni 1,000 kwa mita. Lakini kama data ya hadubini inakuja kwa kebo ya mtandao kila milisekunde 20, kikomo kinaanguka hadi nyutoni 50, na hata ile springi laini ya hapo juu itanguruma.

Dawa yake si kompyuta ya bei kubwa. Gawa programu vipande viwili. Kipande cha polepole kinapokea kipimo cha hadubini na kuchora bapa dogo: uso uko kimo gani, umeinama upande gani, ni mgumu kiasi gani. Kipande cha kasi kinakaa karibu na kalamu, kinahesabu kani dhidi ya bapa hilo mara 1,000 kwa sekunde bila kusubiri mtu. Bapa jipya likifika, lisogezwe taratibu ndani ya mizunguko kadhaa. Likirushwa ghafla, mkono utapigwa teke. Mbinu hii ina gharama yake, nayo ni kwamba kati ya vipimo viwili mkono unahisi kisio tu.

SWALI: Nikikaribia uso, kalamu inavutwa chini ghafla kabla sijagusa. Na kuiondoa ni kama kung'oa kitu kwenye lami. Ni hitilafu? — Mtafiti chipukizi, Mombasa

JIBU: Sio hitilafu, ni fizikia ya umbali huo, na mji wako umeiongezea chumvi. Kwenye ukubwa huu uzito wa kitu hauhesabiki, vitu hunata.

Mvuto wa van der Waals, ule unaovuta vitu vyovyote vilivyokaribiana mno, kati ya ncha ya nanomita 10 na uso bapa ni takriban nanonyutoni 0.17 kwa umbali wa nanomita 1, na 1.85 kwa umbali wa nanomita 0.3. Unapanda kwa kasi kiasi kwamba kuna mahali mvuto unaushinda ulimi, nao unadondoka wote kwa mkupuo. Kwa ulimi wa nyutoni 0.1 kwa mita mahali hapo ni nanomita 1.5 juu ya uso. Kwa nyutoni 1 ni nanomita 0.7, kwa nyutoni 40 ni nanomita 0.2, ambapo kwa vitendo umeshagusa. Ndiyo maana ulimi mlaini unaohisi vizuri ndio huohuo unaoruka. Kati ya nanomita 0.7 na mguso, hakuna namna ya kuiweka ncha ikatulia, hivyo usijilaumu kwa mkono mzito.

Kung'ang'ania wakati wa kutoka kunatoka kwa maji. Hewa yenye unyevu huacha utando wa maji juu ya karibu kila uso, na ncha ikigusa, maji yanajenga shingo kuizunguka. Kwa ncha ya nanomita 10 shingo hiyo inavuta kwa nanonyutoni 9 hivi, mara tano ya ule mvuto wa nanomita 0.3. Ncha iliyobutuka hadi nanomita 50 inavutwa kwa 45. Kwa pwani ambako unyevu unapita asilimia 70 bila shida, hii inaweza kuwa miongoni mwa kani kubwa utakazopima siku nzima.

Fungia hadubini kwenye kasha na upitishe naitrojeni kavu mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 10, au fanya kazi ndani ya kimiminika, ambamo shingo haiwezi kujengeka. Kiyoyozi peke yake hakitoshi, na upepo wake utakutetemeshea ulimi. Kwenye programu, usiufute mruko kwa kichujio ili kalamu iwe tulivu. Weka kikomo cha kani, nyutoni 1 kwa mfano, lakini mruko uache: ndiyo habari pekee inayokwambia kwamba umegusa.

SWALI: Nasukuma chembe, nahisi ukinzani, kisha unapotea. Picha ikija, chembe iko pembeni au haipo kabisa. — Mwanafunzi wa shahada ya pili, Kampala

JIBU: Kama iko pembeni, ulisukuma nje ya kitovu. Chembe mviringo inasukumwa na ncha iliyo mviringo. Kosa la nanomita 5 kwenye chembe ya 30 linatosha kuizungusha na kuiponyosha. Sukuma kwa hatua fupi za nanomita 50 hadi 100, kisha pitisha ncha mstari mmoja wa kukatiza kuhakiki kitovu, badala ya kusubiri dakika nne za picha nzima.

Kama haipo, itazame ncha. Chembe iliyopanda juu ya ncha hufanya kila kitu kwenye picha kionekane kinene au pacha. Na kama imehama pamoja na majirani zake wote kwa mwelekeo mmoja, haikuhama: ni mserereko wa joto, au piezo isiyo na kihisi cha mahali, ambayo inaweza kukosea kwa asilimia 10 na zaidi ya umbali iliyoagizwa.

Kuna jambo zito zaidi hapa ambalo wauzaji wa vifaa hawalisemi kwa sauti. Fotodayodi inakupa ishara mbili: kupinda juu-chini na kujisokota kushoto-kulia. Kani kwenye ncha zina pande tatu. Ukisukuma sambamba na urefu wa ulimi, kani hiyo nayo inaupinda juu-chini, na programu itakwambia uso umeinuka. Kwa hiyo geuza sampuli ili msukumo uende kukatiza ulimi, kwa nyuzi 90. Hapo kujisokota kutakupa kani ya pembeni iliyo safi kiasi, ingawa nayo inahitaji ugezi wake. Mtu anayesukuma pande zote kwa kalamu ya pande tatu anahisi kitu kizuri sana, na theluthi yake ni ubunifu wa programu.

SWALI: Inawezekana kufanya hivi kwa seli hai bila kuzitoboa? — Msomaji, Muscat

JIBU: Kwa ncha, inawezekana ndani ya kimiminika kwa ulimi wa nyutoni 0.01 hadi 0.1 kwa mita, lakini kwa kusukuma na kuvuta, koleo la mwanga linafaa zaidi. Ni leza iliyokusanywa na lenzi kali ikashika kishanga cha plastiki au kioo. Arthur Ashkin alipata Nobel ya mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Kani zake kwa kawaida hazizidi pikonyutoni 100, kwa hiyo kuzifikisha mkononi unazidisha kwa bilioni 10 hadi 100. Kishanga hakirukii uso wala hakinati kwenye leza: ukizima mwanga kinaachiwa. Tumia leza ya infraredi ya nanomita 1,064 badala ya ile ya kijani, kwani seli hufyonza kijani zaidi na kuungua.

SWALI: Shule yetu haitapata hadubini hii leo wala kesho. Kuna namna ya wanafunzi kuhisi mambo haya? — Mwalimu wa fizikia, Kigoma

JIBU: Ipo, mwalimu, na inafundisha zaidi kuliko kutazama video. Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa bure michoro ya kifaa kiitwacho Hapkit: mpini mmoja unaokwenda kushoto na kulia, mota moja ndogo ya umeme mnyoofu, sumaku kwenye ekseli, kihisi cha sumaku, na bodi ya jamii ya Arduino (kompyuta ndogo ya kujifunzia). Sehemu za plastiki zinachapwa kwa printa ya 3D. Fundi seremala makini anaweza kuzikata kwa plaiwudi.

Programu isome pembe, iigeuze kuwa milimita za mpini, na kila milimita iwe nusu nanomita. Kani izidishwe mara 100,000,000. Chukua ulimi wa nyutoni 1 kwa mita, na uandike hali mbili tu. Hali ya kwanza, hewani: kani ni sifuri mpaka umbali ufike nanomita 0.7, hapo hamia hali ya pili. Hali ya pili, umegusa: kani ni ukakamavu mara umbali kutoka kwenye uso, kwa kusukuma na kwa kuvuta, mpaka mvuto ufike nanonyutoni 9, hapo rudi hewani. Mwanafunzi atavuta mpini milimita 18, kani ikipanda hadi nyutoni 0.9, kisha mpini utaachia kwa mkupuo. Badilisha 9 iwe 2 na umwambie sasa hewa ni kavu. Atatofautisha macho yakiwa yamefumbwa.

Mambo mawili yatawasumbua. Mota iliyozuiwa isizunguke inapata joto haraka, basi kila zamu ya kung'ang'ania iwe ya sekunde chache. Na mpini ukianza kunguruma, angalia kwanza kama programu inatuma namba kwenye skrini katika kila mzunguko: kwa kasi ya baudi 9,600 (biti kwa sekunde) herufi moja tu inakula milisekunde 1, yaani mzunguko mzima. Tuma mara moja kila mizunguko 100, au uondoe mstari huo.